Vema Nne za Chaki

Watu wengine wakiamua kubadilisha maisha yao hununua daftari. Fundi Brashi hakuwa na imani na madaftari. Alikuwa mchora mabango, na kwa miaka kumi na tisa ya kupanda na kushuka ngazi aliamini jambo moja tu: kisichosomeka kutoka ng'ambo ya barabara hakijaandikwa. Kwa hiyo mwaka ulipoanza, na mhubiri alipowaambia waumini kila nyumba ikaandike malengo yake ya imani, afya na familia, maana lengo lisiloandikwa ni upepo, Brashi alirudi nyumbani, akasogeza kabati, akapanda juu ya stuli na kuyaandika malengo ya nyumba yake kwenye ukuta wa sebule. Kwa rangi ya mafuta.

Rangi nyekundu ilikuwa masalio ya bango la bucha. Bluu ilitoka kwenye lango la shule ya chekechea. Kivuli cheusi nyuma ya kila herufi alikiweka bure, kwa raha ya ufundi tu. IMANI. AFYA. FAMILIA. Chini ya kila neno aliandika nani atafanya nini, na mbele ya kila lengo akachora visanduku vya kutia vema kwa chaki.

Mkewe alirudi kutoka kazini akakuta harufu ya rangi imetangulia kumpokea mlangoni. Akasimama, mkoba bado uko begani, akasoma kuanzia juu hadi chini.

"Sasa hapa ni sebule," akasema, "au tunangoja wateja?"

"Wewe soma, ucheke baadaye."

"Si ungeandika kwenye karatasi?"

"Karatasi hupotea."

"Na mtu akitaka kubadili lengo?"

"Abomoe ukuta."

Watoto wakacheka. Walikuwa wawili, wote wa kike. Mkubwa alikuwa kidato cha tatu, msichana wa maneno machache na macho mengi. Mdogo alikuwa na miaka saba na meno ya mbele yamemtoroka yote kwa mwezi mmoja, ndiyo maana aliitwa Kijino, kwa kumbukumbu ya hayo yaliyoondoka. Lengo lake la afya lilikuwa kupiga mswaki bila kukumbushwa. Mama yake alipolisoma akauliza, "Kupiga yapi?" na Kijino akanuna hadi chakula kilipoiva.

Malengo mengine yalikuwa ya watu wazima. Wote wanne kusali pamoja kila asubuhi kabla ya yeyote kutoka. Wote wanne kula pamoja jioni. Brashi aache sigara. Mama watoto, ambaye mwaka uliopita aliambiwa presha yake inapanda kuliko mishahara, aende kliniki kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kupimwa na kuchukua dawa. Hilo lilikuwa na visanduku kumi na viwili, Januari hadi Desemba. Visanduku vya kila siku vilikuwa saba saba, na kila Jumapili Kijino angevifuta kwa kitambaa kibichi ili wiki ianze upya. Vya kliniki visingefutwa hadi mwaka uishe.

Na mwisho kabisa, chini, karibu na swichi ya taa, fundi alikuwa ameandika lengo ambalo mhubiri hakumtuma: BABA – NUSU SAA KUZUNGUMZA NA MAMA WATOTO, KILA SIKU.

Mkewe alilisoma mara mbili.

"Hili umeandika wewe mwenyewe?"

"Kwani nani mwingine mjini ana mwandiko huu?"

"Haya," akasema, na akatua mkoba. "Macho tunayo."

*

Januari walikwenda vizuri. Tuseme ukweli wa Mungu, walikwenda vizuri mno. Walisali asubuhi, Kijino akiwa nusu yuko kwenye sala na nusu bado kwenye ndoto. Alhamisi ya kwanza mama alikwenda kliniki, akarudi na pakiti ya vidonge na kadi imeandikwa, akatia vema yake ya kwanza. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na vema zake mkia ulilala upande usio wake, kama mtu aliyejinyoosha kitandani baada ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwaka wa tisa sasa, akinyoosha mashuka na sare za watu kuanzia saa mbili hadi jua linapokunja mikeka. Katika zile nusu saa za mwezi wa kwanza Brashi aligundua jambo alilokuwa amelisahau, kwamba mkewe ni mchekeshaji kuliko yeye. Alimsimulia habari ya mteja wa hoteli aliyesahau meno ya bandia kwenye mfuko wa suruali, na jinsi dereva wa hoteli alivyotumwa kuyafuata mbio, akayabeba kwenye sahani iliyofunikwa kama anapeleka chakula. Brashi alicheka hadi akashika ukuta.

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Ulikuwa wapi siku zote?"

Alilijibu swali hilo kwa kucheka tena, maana kicheko ni jibu lisilo na kodi.

Kisha kazi zikaingia. Mabango ya maduka, mabango ya shule, ukuta mzima wa gereji. Jioni moja mwishoni mwa Januari alirudi mabega yanauma, akala na wenziwe kama lengo lilivyotaka, akainuka, akachukua chaki na kutia vema kwenye kisanduku cha nusu saa. Hawakuwa wamezungumza hata dakika mbili, ukitoa "nipe chumvi". Alipogeuka akamkuta mkewe anamtazama mkono.

"Nakopa," akasema. "Kesho nalipa saa nzima."

"Sawa," akasema mkewe, akaendelea kukusanya sahani.

Kesho yake hakulipa. Keshokutwa alitia vema bila hata kuomba radhi, na siku ya nne aliitia kabla hajavua viatu. Uongo una tabia ya viatu vipya: vinabana siku ya kwanza tu.

*

Alhamisi ya kwanza ya Februari mama alirudi kutoka kazini kwa saa yake ya kila siku. Akanawa mikono. Akachukua chaki, akaenda ukutani, akatia vema kwenye kisanduku cha pili cha kliniki.

Brashi alikuwa kitini akitafuta betri ya rimoti chini ya makalio yake. "Huyo ndiye mke," akasema. "Kijino, umeona? Mama hakosi."

Mkewe alibaki pale ukutani kidogo, chaki mkononi, uso kaelekeza kwake. Kama mtu aliyesimama kaunta akingoja kuulizwa anataka nini.

"Mboga gani leo?" Brashi akauliza.

Akarudisha chaki mahali pake.

Machi vilevile. Aprili vilevile. Katikati ya Machi, jioni moja, alimfuata fundi barazani anakosafishia brashi zake kwa mafuta ya taa.

"Baba Kijino, nina neno."

"Fupi au refu?"

"La nusu saa."

"Basi kesho, mama. Leo mgongo huu ukiambiwa keti, unakataa; ukiambiwa lala, unalia."

Mkewe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyerudishiwa chenji pungufu akaona haya kuhesabu. Akaingia ndani. Brashi naye alipoingia, akapita ukutani, akatia vema yake.

Ukuta ulikuwa umejaa. Jirani akija kuomba kiberiti alisimama kuusoma na kutikisa kichwa kwa wivu. "Nyinyi mmejipanga," akasema. Na kweli, ukitazama kutoka mlangoni hapakuwa na nyumba yenye imani, afya na familia kuliko ile.

*

Simu ililia Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili, saa tano asubuhi. Brashi alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka la dawa, akiandika HAPA TUNAPIMA PRESHA BURE. Alikuwa amefika PRE.

"Fundi," sauti ikasema. Ilikuwa ya Mama Pasi, dobi mwenyewe, bosi wa mkewe. "Njoo hospitali. Mwenzako ameanguka juu ya meza ya pasi. Mdomo umekwenda upande."

Hakumbuki alivyoshuka. Mwenye duka la dawa anakumbuka, maana kopo la bluu lilimwagika kizingitini na doa lipo hadi leo.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyelala juzi. Aliuliza akiwa ameshika kalamu.

"Ana presha?"

"Ndiyo, lakini anatumia dawa. Anakwenda kliniki kila mwezi, hajakosa."

"Una uhakika?"

"Daktari, ana vema nne."

"Vema za wapi?"

Brashi akafungua mdomo. "Za ukutani," akasema, na muuguzi aliyekuwa akifunga mpira kwenye mkono wa mgonjwa akainua uso kumtazama, kisha akauinamisha tena kwa adabu.

Mkoba wa mkewe ulikuwa kwenye kiti. Daktari akaomba kadi ya kliniki, muuguzi akaitoa na kuifungua. Januari ilikuwa imeandikwa, namba na sahihi. Februari palikuwa patupu. Machi patupu. Aprili patupu. Weupe ule ulikuwa safi, umenyooka, kama shuka lililotoka kupigwa pasi.

"Dawa alizopewa Januari ni za mwezi mmoja," daktari akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angekaripia. "Ana miezi karibu mitatu hajameza kitu. Hiki ni kiharusi, baba, na si kidogo."

*

Binti mkubwa alikuja mchana akiwa amemshika Kijino mkono. Walikaa kwenye benchi la korido. Brashi alikuwa na kadi ile bado.

"Mama yenu hakuwa anakwenda kliniki," akasema. Hakuwa anauliza.

"Najua."

"Unajua?"

Msichana alitazama vidole vyake vya miguu. "Alhamisi ndiyo siku mashuka ya hoteli yanakuja. Januari aliporudi kutoka kliniki, Mama Pasi akamwambia mtu atakayekosa Alhamisi tena asirudi Ijumaa. Hajui kama ni presha. Mama aliona haya kumwambia, aliogopa ataambiwa ni mgonjwa, hafai kwa kazi."

"Na mimi? Mimi si nilimchorea Mama Pasi bango lake? Ananiheshimu yule. Ningemwambia neno moja tu."

"Ndivyo alivyosema mama. Alisema ukimwambia wewe atakubali. Alitaka kukwambia kwenye nusu saa yenu."

Korido ilikuwa na watu, na kila mtu alikuwa na msiba wake wa kuangalia, kwa hiyo hakuna aliyemwona Brashi.

"Nilimuuliza," binti akaendelea, sauti imekuwa ndogo, "mbona anatia vema na hajakwenda. Akasema, 'Mwanangu, nyumba hii sasa sote tunajaza visanduku. Nikiacha changu wazi, baba yako ataona changu, hataona chake.' Halafu akacheka. Akasema akiulizwa tu alivyopimwa, atasema kweli siku hiyohiyo. Hawezi kudanganya kwa mdomo."

Kijino akamvuta dada yake mkono. "Nani hakumuuliza?"



*

Muda wa kuona wagonjwa wa wodi ile ulikuwa saa kumi hadi saa kumi na nusu jioni. Brashi alilisoma tangazo mlangoni, mwandiko mbovu wa kalamu nene, herufi zimeinama. Nusu saa. Akalisoma tena, kana kwamba labda mwandishi alikosea.

Siku ya kwanza alikaa kando ya kitanda. Upande wa kulia wa mkewe ulikuwa umelala moja kwa moja, na ulimi haukuweza kuunda neno, lakini macho yalikuwa yake. Akamwambia kuhusu lile bango. "Nimeacha duka la watu limeandikwa HAPA TUNAPIMA PRE. Watu wanapita wanauliza ni kitu gani hicho kipya." Kona ya kushoto ya mdomo ikasogea. Pengine ilikuwa kicheko, na Brashi aliishikilia hiyo hadi kesho yake.

Siku ya pili akazungumzia watoto, siku ya tatu sala zao za asubuhi, na jinsi Kijino anavyomaliza kila sala kwa kumpa Mungu namba ya kitanda ili asipotee. Siku ya nne alisema lile lililomkaa kooni.

"Nilikuwa natia uongo. Uliniona, na sikuacha. Ungenipiga hata kwa mwiko. Ungenifutia ukuta wangu mbele ya watu." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Neno lako la nusu saa nimeambiwa. Nimechelewa, lakini nimeambiwa. Nimekwenda kwa Mama Pasi. Amekubali. Alhamisi ni yako, mke wangu. Amesema hata angejua mapema angekupa."

Mkewe alimtazama. Mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, ulikuwa juu ya shuka la hospitali, ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, polepole, ukinyoosha mikunjo. Miaka tisa ya kazi ilikuwa imebaki mle hata baada ya maneno kuondoka. Brashi akauwekea mkono wake juu, na mkono ule ukaendelea kwenda, ukibeba na wake.

Hakuna kilichomuumiza kama kutokatizwa. Mwanamke yule alikuwa na jibu kwa kila jambo, na sasa alimwachia mumewe nusu saa nzima, aijaze peke yake.

Alikwenda siku nane bila kukosa. Siku ya tisa, saa kumi kamili, alikuta kitanda kimetandikwa upya, shuka limevutwa pembe zote nne, halina mkunjo hata mmoja.

*

Msibani watu walikaa sebuleni, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwepo. Kabati lilitolewa nje, wanawake wakakaa sakafuni, na kila aliyeinua uso alikutana na ukuta. Hakuna aliyefuta chochote tangu ile Jumamosi. Wiki ile ya mwisho ilikuwa imeganda pale ilipofikia, hadi Ijumaa.

Mama Pasi alikuja, akalia kwa kweli, akarudia mara tatu kwamba laiti angeambiwa ni presha. Watu wakamtuliza. Kisha dada yake Brashi, shangazi wa watoto, mwanamke mwenye roho nzuri na sauti ya kipaza, akanyoosha kidole ukutani.

"Jamani, mtu asijilaumu. Someni wenyewe. Kliniki, Januari, Februari, Machi, Aprili, marehemu hakukosa hata mara moja. Na kaka yangu huyu, tazameni, kila siku nusu saa na mkewe. Wangapi hapa waume zao wanawapa nusu saa? Walitimiza yote. Hii ni siku tu, imefika."

"Kweli," wakaitikia. "Kweli kabisa."

Brashi alikuwa amesimama mlangoni na wanaume. Akaingia, akipitisha miguu katikati ya magoti ya watu, akiomba njia. Akachukua kitambaa cha Kijino kwenye msumari wake, akakichovya kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mtu akasema, "Fundi, hayo ni ya kunywa." Hakusikia.

Alianza na Jumapili. "Hii sikuzungumza naye," akasema, na akafuta. Akasogea. "Hii sikuzungumza naye. Hii nilikuwa kwenye gereji. Hii nilisema nimechoka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayemsomea mteja herufi zake kabla ya kuzipaka. "Hii, hapana. Na hii ya Ijumaa, siku moja kabla hajaanguka, hii nilitia nikiwa bado na kofia kichwani."

Shangazi akasema, "Kaka, keti," lakini taratibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Visanduku sita vikabaki na rangi yake tupu, bluu ya chekechea. Brashi akainua mkono hadi juu, kwenye AFYA. Januari ilikuwa ya kweli. Akaipita. Akaweka kitambaa mbele ya Februari, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Baba." Alikuwa binti mkubwa, kasimama nyuma yake. "Hizo kaandika mama."

Mkono ukasimama.

Mikia mitatu ilikuwa imelala upande usio wake, kila mmoja umejinyoosha. Zilikuwa vema za uongo, na zilikuwa zake. Katika nyumba nzima hapakuwa na mwandiko wake mwingine. Mtu mwenye mume mchora mabango huandika nini?

Brashi akashusha kitambaa.

Watu walipokwisha kuondoka, siku zilipopita na kabati likarudi ndani, alikaa mbele ya vema zile na makopo yake yote. Kama kuna mtu aliyejua namna ya kufanya maandishi yadumu, alikuwa yeye. Mvua, jua, moshi wa magari, alikuwa na dawa ya kila kimoja. Lakini chaki haina dawa. Ukiipaka vanishi, inainywa na kupotea. Ukiipitia kwa rangi juu yake, imekuwa yako, si ya aliyeiandika. Aliliweka kopo la vanishi mapajani, akalifungua, akalinusa, akalifunga.

Siku hizi wanasali watatu. Wakishamaliza, Kijino anafagia chumba kabla ya kwenda shule. Hilo ndilo lengo lake jipya, ingawa halijaandikwa popote. Anafagia chini ya meza, chini ya viti, mlangoni hadi nje. Pale chini ya AFYA, ambapo kila siku unadondoka unga mweupe wa vema za mama, mdogo usiozidi ncha ya kidole, anainua fagio, anaruka, na kuendelea mbele.